Dar Iko Namna Gani?

Ujumbe wake uliingia mwanzoni mwa Novemba 2025, siku intaneti iliporudi. Tangu siku ya uchaguzi, Oktoba 29, simu ilikuwa imekufa. Nilikuwa na bando la mwezi mzima na hakuna pa kulitumia. Mji ulikuwa umewekewa amri ya kutotoka nje usiku, na sisi wapangaji wa Msewe tulikuwa tunapika mapema na kulala mapema kama kuku. Iliporudi, simu ilitetemeka mezani bila kupumzika: mama yuko Kasulu anauliza kama nimekula, kundi la darasa linabishana kuhusu tarehe ya semina, na katikati ya hayo ujumbe wa sauti kutoka kwa rafiki yangu wa Bukavu.

Bukavu hakuwepo tena. Mji wao ulipochukuliwa na waasi Februari mwaka ule, alivukia Burundi na mdogo wake, na tangu hapo anaishi Bujumbura kwa shangazi yake huku akitafuta chuo cha kumpokea. Tulifahamiana kwenye warsha moja Kigali, tukagundua kwamba wote tunapenda magazeti ya zamani, na kwamba kila mmoja anakiona Kiswahili cha mwenzake kichekesho. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea chumba chenye watu waliolala. "Dada, Dar iko namna gani? Si bei ya vitu. Mutu anaweza kusema?"

Nilianza kujibu nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mara ya tatu niliifunika simu nikaenda kununua mkaa.

Haikuwa kwamba sina la kusema. Nina la kusema hadi msimamizi wangu amechoka. Nasoma shahada ya uzamili ya historia hapo Mlimani, na tasnifu yangu inahusu watu waliohamia Dar es Salaam kati ya 1961 na 1974 kwa sababu ya siasa ya mji wenyewe. Siyo kwa kazi wala ndoa wala matibabu. Walikuwa wamesikia, wakiwa Harlem, Georgetown, Johannesburg au Ntungamo, kwamba kuna mji pwani ya Bahari ya Hindi ambako mtu anaweza kusema. Swali la rafiki yangu ndilo swali lao, na nimelisoma kwenye makaratasi kwa mwaka na nusu. Halafu anatokea mtu mzima, mwenye jina na mdogo wake wa kusomesha, ananiuliza mimi.

Katika watu wangu wa makaratasi, ninayempenda zaidi ni Mandela, kwa sababu furaha yake ilimjia hata kabla hajafika Dar. Januari 1962, Tanganyika ikiwa na mwezi mmoja tu tangu ipate uhuru, alitoroka Afrika Kusini kupitia Bechuanaland, na ndege ndogo ikamshusha Mbeya. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza jinsi alivyokuta hotelini Waafrika na Wazungu wamekaa barazani wanazungumza, jambo ambalo hakuwahi kuliona hotelini maisha yake yote. Kesho yake akafika Dar, akapokelewa na Nyerere nyumbani. Kilichomgusa ni nyumba isiyo na makuu na kigari kidogo ambacho Nyerere alikuwa anakiendesha mwenyewe. Mandela alikuwa mwanasheria, lakini hatumsikii akiulizia sheria za nchi. Mtu aliyetoka kwenye nchi ya pasi hahitaji kusoma sheria ili ajue amefika pengine. Baraza ya hoteli inamtosha.

Mwaka huohuo wa 1962, Tanganyika ilipata sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani.

Nilipoziandika habari hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, msimamizi aliandika pembeni kwa penseli: "Unataka kusema Mandela alidanganyika?" Hapana, hakudanganyika. Baraza ile ilikuwepo kweli. Na sheria ile ilikuwepo kweli. Nimehangaika tangu wakati huo kutafuta namna ya kuyasema yote mawili bila moja kulimeza jingine.

Sifa ya Dar haikuwa uvumi. Juni 1962 FRELIMO iliundwa hapa, na rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliacha kazi ya ualimu wa chuo kikuu Marekani akaja kuishi hapa. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU iliweka makao yake makuu Dar, na kila chama kilichokuwa kinapigana kusini mwa Afrika kikawa na ofisi, hata kama ni chumba kimoja chenye mashine ya chapa na ramani ukutani. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikajua itapoteza mkopo, na ikaupoteza. Nchi maskini iliyokubali kukosa fedha kwa ajili ya watu wa nchi nyingine haikuwa jambo la kawaida, na habari hiyo ilitembea.

Pia kulikuwa na huku Mlimani kwetu. Terence Ranger alifukuzwa na serikali ya Wazungu wa Rhodesia mwaka 1963, akaja kuanzisha idara ambayo leo ndiyo yangu. Walter Rodney aliingia 1966 akiwa na miaka 24 na shahada ya uzamivu mkononi. Namtaja na umri wake kwa sababu mimi nina 26 na bado nahangaika na sura ya pili. Che Guevara alipita hapa 1965, akashuka hadi Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo, na mambo yalipoharibika akarudi Dar, akajificha ubalozi wa Cuba kwa miezi akiandika jinsi yalivyoharibika. Laurent Kabila, aliyekuwa upande huo wa vita, baadaye aliishi Dar kwa miaka. Rafiki yangu huwa anasema kwa kejeli kwamba Wakongo wametumia Dar kama sebule ya kusubiria tangu kabla mama yake hajazaliwa.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wasiozidi 275,000. Leo Mbagala peke yake ingewameza. Ukitaka kujua kwa nini watu wale walihisi wamefika katikati ya dunia, anzia hapo: ukitoka posta kwa miguu ungeweza kukutana na mtu wa ANC, mwandishi wa habari Mpoland, mwanadiplomasia wa China na mpelelezi wa Ureno kabla hujavuka barabara. Kwenye mji wa namna hiyo mgeni hupata marafiki haraka, na wepesi wa kupata marafiki unafanana sana na uhuru.

Habari zilifikaje mbali kiasi hicho? Kwa redio na magazeti, ndiyo, lakini zaidi kwa midomo ya watu. Oktoba 1964 Malcolm X alikuja Dar, akaonana na Nyerere, akakaa na Abdulrahman Babu, Mzanzibari aliyekuwa waziri katika serikali ya muungano. Desemba mwaka huo Babu alikuwa New York, na Malcolm akampandisha jukwaani Harlem, ukumbi wa Audubon, awasalimie watu. Mtu aliyekaa ukumbini usiku ule alimsikia waziri wa Tanzania mwenyewe. Ningekuwa mimi pale, ningeanza kuulizia nauli ya meli.

Aprili 1972, baada ya Karume kuuawa Zanzibar, Babu alikamatwa. Alikaa kizuizini hadi 1978.

Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ukombozi, yeye alikuwa ameshaondoka nchini 1967 baada ya kutofautiana na Nyerere, akaishi London uhamishoni. Nikiyaweka majina haya mawili pamoja huwa nasimama kidogo. Hawa ndio waliosimama mlangoni kuwakaribisha wageni. Mmoja akaishia kuwa mgeni kwa watu, mwingine akafungiwa ndani ya nyumba aliyoifungulia wengine.

Nadhani lugha yetu inasaidia hapa kuliko tasnifu yangu. Tuna maneno mawili, uhuru na ukombozi, na kwenye hotuba za miaka ile yanatembea pamoja kama ndugu. Dar ulikuwa mji wa ukombozi. Ukombozi una adui anayejulikana, una ofisi, una wimbo, na una nidhamu. Anayeuliza maswali katikati ya safari anaweza kuonekana anamsaidia adui. Uhuru wa mtu mmoja mmoja, wa kusema asichotaka kiongozi na kurudi nyumbani kulala, ni kitu kingine. Mgeni aliyekuja kutafuta ukombozi aliupata, tena kwa wingi. Aliyedhani kimoja kinakuja na kingine ndani ya mfuko mmoja ndiye aliyepata taabu.

Yoweri Museveni ni mfano mzuri, na ushahidi ni wa mkono wake mwenyewe. Alikuja kusoma Mlimani 1967 kwa sababu ya sifa ya nchi, na Julai 1970 aliandika katika jarida la wanafunzi, Cheche, kuhusu miaka yake mitatu Tanzania. Anakiri kwamba mwanzoni alivunjika moyo: alitegemea kukuta moto, akakuta wanafunzi wanaofikiria ajira. Hakujua, au hakulipa uzito, kwamba mwaka mmoja kabla yake wanafunzi karibu 400 walikuwa wamefukuzwa kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Waliobaki walikuwa wamejifunza. Museveni na wenzake wakaanzisha kikundi chao cha wanamapinduzi, na kwa miaka mitatu kilikuwa kikundi chenye uhai kuliko chochote nilichowahi kuona hapa chuoni. Novemba 1970 kikundi kikapigwa marufuku pamoja na Cheche. Halikuwa jarida la wapinzani wa ujamaa. Lilikuwa la watu waliotaka ujamaa zaidi ya serikali. Ndipo nilipoelewa kwamba mipaka haikuwa ya mrengo, kwamba kulia hairuhusiwi na kushoto inaruhusiwa. Mpaka ulikuwa wa nani anayeshika usukani. (Museveni mwenyewe ni rais wa Uganda tangu 1986. Msomaji ajazie hapo.)

Rodney naye alionja. Desemba 1969, baada ya hotuba yake kwenye semina ya vijana, gazeti la chama, The Nationalist, lilimshukia kwa tahariri kali, kwamba mapinduzi anayoyahubiri ni maneno matupu ya hatari. Aliandika kujieleza, kwa heshima, akaendelea na kazi. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, aliyekuwa Mkenya, aligombana na uongozi wa chuo. Polisi wenye silaha wakamchukua na akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wenzake waligoma kwa ajili yake. Mgeni anaweza kufukuzwa kwa njia ambayo mwenyeji hawezi: kwake unapajua, na ndege ipo.

Lakini nisimalizie hapo, kwa sababu nitakuwa nadanganya kwa upande mwingine. Kitabu cha Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa 1972 na shirika dogo la London kwa pamoja na Tanzania Publishing House, shirika la umma. Maandishi ya Issa Shivji yaliyowachambua watawala wa Tanzania wenyewe yalitoka kwenye Cheche mwezi mmoja au miwili kabla ya marufuku, na mwaka 1976 kitabu chake kuhusu mapambano ya kitabaka nchini kikachapwa na shirika hilohilo la umma. Serikali iliyofunga jarida ndiyo iliyolipia wino wa kitabu. Nitajie mji mwingine wa wakati ule, Afrika au kwingine, uliofanya hivyo. Nimetafuta, orodha yangu ni fupi.

Kuna sehemu ya habari hii wanaume walioandika kumbukumbu zao za Dar wanaipita haraka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vilikuwa marufuku. Vijana hawakusubiri Januari. Wiki ileile makundi yao Kariakoo yaliwavamia wanawake waliovaa sketi fupi, wakawashusha kwenye mabasi, wakawachania nguo. Polisi walilazimika kuingilia. Barua za wasomaji zilimiminika kwenye magazeti kwa wiki kadhaa, za kuunga mkono na za kupinga, na nilizisoma pale chumba cha makusanyo ya Afrika Mashariki, maktaba ya chuo, nikiwa nimevaa jinzi. Waliopinga walikuwa wakali: kama sketi ni ya kigeni, suti je? Viatu? Nani alipima utamaduni wa taifa kwa futi kamba kwenye paja la mwanamke?

Wengi wa wale waliokuwa wanavamiwa walikuwa wageni pia. Walikuwa mabinti waliotoka mikoani kuja kuwa makarani na wachapaji, wenye mshahara wao na chumba chao kwa mara ya kwanza. Kwao Dar ulikuwa mji huru kwa maana nyingine kabisa: hakuna mjomba wa kukuuliza unatoka wapi saa mbili usiku. Hawakuandikiwa kitabu. Uhuru wao ndio ulioitwa ukoloni mamboleo.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1969, Dar es Salaam ikapiga marufuku muziki wa soul. Huwa nafikiria vijana Wamarekani Weusi waliokuwa wanaanza kuja miaka ile, walimu, mafundi, wachapaji, waliouza vitu vyao Washington na Detroit ili waje waishi kwenye nchi ya mtu mweusi. Walikuta muziki wao ndio unaoitwa utamaduni wa kigeni.

Walikuja hata hivyo, kwa mamia. Walifundisha shule za vijijini, walijaribu kilimo, walijifunza Kiswahili. Mei 1974 forodha walikuta silaha na risasi ndani ya mizigo ya Wamarekani iliyofika bandarini, na ukafuata msako: watu walikamatwa Dar na mikoani, wengine wasiojua lolote kuhusu mzigo. Wengi waliachiwa baadaye, lakini kitu kilikuwa kimevunjika. Wiki chache tu baada ya hapo, Juni 1974, Mlimani hapa, ndani ya Ukumbi wa Nkrumah, ulifanyika Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, ambao wao wenyewe ndio walikuwa miongoni mwa waliohangaika kuuandaa. C.L.R. James, aliyeusukuma mkutano ule kwa miaka, hakuhudhuria. Vikundi vya Karibiani visivyo vya serikali vilikuwa vimezuiwa, naye akakataa kuja bila wao. Mwaka huohuo Rodney aliaga akarudi Guyana. Tasnifu yangu inaishia hapo, 1974, na msimamizi anasema ni mwisho mzuri.

Mimi nina shaka na mwisho huo, kwa sababu ya baba mdogo.

Baba mdogo alikuja Dar 1981 kwa treni ya reli ya kati, miaka 19, na shati moja la kubadilisha. Hajawahi kumsikia Rodney. Alichokuwa amesikia ni redio: kila saa sauti ikitaja Dar es Salaam kama vile ndiko mambo yote yanakotokea. Aliuza karanga na sigara moja moja Mnazi Mmoja, akalala Buguruni na vijana wengine watano wa Kigoma. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na msako wake. Kila mtu mwenye nguvu alitakiwa awe na kitambulisho cha kuonyesha anafanya kazi gani. Mgambo walipomsimamisha na kumuuliza kazi yake, aliwaonyesha sinia. "Kazi ndiyo hii." Wakampandisha kwenye lori, sinia na karanga zake. Baada ya siku chache alikuwa ndani ya treni ileile, inaelekea kule alikotoka.

Anaisimulia akicheka. Sinia bado lipo. Mama mdogo anapepetea maharage. Lakini nilipopata nafasi ya chuo, wengine wakiniombea na kunipa hela ya nauli, yeye aliniuliza swali moja: "Mwanangu, kitambulisho watakupa siku ya kwanza?" Hadi leo nikimpigia ananiuliza kama natembea nacho.

Haikuanzia 1983. Waingereza walikuwa na sheria yao ya 1944 ya kuwaondoa mijini "wenyeji wasiotakiwa". Baada ya uhuru misako iliendelea kwa majina mapya, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wasio na kazi walipelekwa ng'ambo ya Kigamboni kuanzisha kijiji cha ujamaa cha Gezaulole. Jina lenyewe kwa Kizaramo ni jaribu uone. Mwaka 1976 ikaja operesheni nyingine ya kila mtu afanye kazi. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo mtu wa Harlem alikuwa anaambiwa karibu nyumbani, mtu wa Kasulu alikuwa anaulizwa umekuja kufanya nini. Kwenye kijitabu chake cha ujamaa cha 1962, Nyerere alitumia methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alikuwa anaeleza kwamba kwenye jamii ya Kiafrika hakuna mnyonyaji. Sijui kama alifikiria kwamba kuna siku jembe lile litapewa mtu aliyekuwa tayari ana sinia.

Na kuna lango la tatu, ambalo mtu wa Kigoma hawezi kujifanya halioni. Waliotoka kusini tuliwaita wapigania uhuru, wakapewa ofisi mjini. Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi 1972 tuliwaita wakimbizi, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, mapori ya magharibi, na kutoka nje kulihitaji kibali. Wakalima, wakailisha mikoa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani kwetu Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo wa Kivu Kusini. Mjomba wa rafiki yangu yumo humo tangu 1997. Amezeeka Tanzania, Kiswahili chake sasa kina lafudhi ya Kiha, na Dar hajawahi kuiona.

Haya yote yalikuwa kichwani wakati simu imefunikwa na mkaa haujashika moto. Swali lake lilikuwa rahisi, na mimi nilikuwa nataka kumjibu kwa sura tano na hitimisho. Nikajiuliza kitu kimoja tu: atapitia lango gani? Akija na barua ya chuo na kibali cha mwanafunzi, atakuwa karibu na wale wa Rodney. Watu watamsikiliza, watamkaribisha chai, watapenda Kiswahili chake. Atakuta mijadala mizuri kwenye vivuli vya miembe. Akija na mdogo wake kwa boti kutoka upande wa Burundi bila barua, atakuwa na mjomba wake. Mji ni uleule.

Nilimrekodia dakika kumi na moja. Nilimwambia kuhusu maktaba, kwamba magazeti ya 1968 yapo na yanabomoka ukiyashika vibaya. Nilimwambia darasani tunasema, tena sana, na kwamba kuna siku mtu anazima simu kwanza ndipo aseme. Nilimwambia kuhusu kanuni za 2018 zilizomtaka hata mwenye blogu alipie leseni. Kuhusu wiki iliyokuwa imepita nilisema kidogo, nikasikia sauti yangu nayo imeshuka kama yake, wakati chumbani nilikuwa peke yangu. Nilimwambia habari ya sinia. Nilimwambia asiache kuomba ile barua ya chuo, na aombe pia barua ya mdogo wake, ya shule yoyote, hata ya ufundi, ilimradi iwe na muhuri.

Tiki mbili zikawa za bluu saa tatu usiku. Akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Nikafikiri naye anafuta kama mimi.

"Asante, dada," ukaja ujumbe. "Chumba huko Msewe ni ngapi?"

Nikamwambia elfu themanini, lakini mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na maji yanatoka Jumanne na Ijumaa.